Skana ikae kimya mpaka zimamoto wako waitwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamenifikia kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, na mara moja kwenye maegesho ya kanisa huku mvua inanyesha. Wengi wanaouliza ni Waswahili wenzangu tunaoishi kwenye miji midogo ya Pennsylvania na Ohio, ambako mzimamoto ni jirani yako, na siku hizi ni mtoto wako pia. Skana ninayosema ni redio inayozunguka masafa mbalimbali kusikiliza nani anaongea. Mifano yote ni ya skana za kampuni ya Uniden kwa sababu ndizo ninazotumia. Kwenye mashine zao, kazi ya kukaa kimya mpaka toni za kikosi chako zilie inaitwa Tone-Out.

Toni za zimamoto ni kitu gani hasa?

Nyumbani tunasema la mgambo likilia kuna jambo. Huku kila kikosi kina la mgambo lake, na linapigwa kwenye redio.

Kisa chake ni kwamba sehemu kubwa ya wazimamoto wa Marekani hawakai kituoni. Mwaka 2020 NFPA, shirika la Marekani la kinga ya moto, lilikadiria wazimamoto 1,041,200 nchi nzima, na kati yao 676,900 ni wa kujitolea. Mmoja yuko kiwandani, mwingine anafundisha hesabu, wa tatu amelala. Nyumba ikishika moto, kituo cha simu za dharura, 911, kinarusha sauti mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, tunayoiita toni A, hudumu kama sekunde 1. Ya pili, toni B, kama sekunde 3. Kila kikosi kina jozi yake. Peja, kiredio kidogo cha kuitia kilicho kiunoni mwa mzimamoto, inasikiliza muda wote bila kutoa sauti. Ikipata jozi yake, inapiga kelele na kufungulia sauti ya dispacha, yaani mtu wa 911 anayetuma vikosi. Motorola waliuita mtindo huu Quick Call II, na jina hilo utalikuta kila mahali.

Kabla ya peja za kiunoni kulikuwa na redio za mezani. Maarufu zaidi zilikuwa Plectron, zilizotengenezwa Overton, Nebraska. Wazee wa zimamoto hapa kwetu bado wanasema "plectron imelia" hata kama kilicholia ni simu ya mkononi.

Kwa nini nisiiache skana isome kila kitu kama kawaida?

Iache. Baada ya siku mbili utaizima mwenyewe. Kaunti moja inaweza kuwa na vikosi vingi kwenye masafa yaleyale, na simu nyingi si moto: king'ora cha jengo kimelia kwa sababu mtu ameunguza mkate, bibi ameteleza bafuni anahitaji kuinuliwa, gari limeingia mtaroni. Ukitaka kujua tu kama kikosi cha mtaa wako kimeitwa, au kama kijana wako anatoka saa nane usiku, unahitaji skana inayonyamaza kwa mengine yote.

Ninunue skana ipi?

Hakikisha kwanza kwamba ina Tone-Out, maana si zote zinayo. Uniden BCT15X inayo, vilevile BCD325P2, BCD996P2, BCD436HP, BCD536HP, SDS100 na SDS200. Zile ndogo za bei nafuu, BC75XLT na BC125AT, hazina, na hakuna ujanja wa kuiongeza. Nimeshaona watu wakizinunua kwa kuwa muuzaji kaandika "fire" kwenye boksi. Maana yake ni kwamba inasikia masafa ya zimamoto, basi.

Kwa kazi hii peke yake huna haja ya kutoa mamia ya dola kwa SDS200. BCT15X iliyotumika inatosha, ila soma jibu linalofuata kabla hujalipa.

Kaunti yetu imehamia dijitali. Bado itafanya kazi?

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tone-Out inasikiliza redio ya analogi kwenye masafa ya kawaida tu. Haisikii toni zinazopita kwenye P25, mfumo wa redio ya dijitali wa vikosi vya dharura, hata kama skana yenyewe ni ya dijitali na imegharimu bei ya ng'ombe.

Lakini usikate tamaa mapema. Kaunti nyingi zilihamishia mazungumzo kwenye P25 ya 700 au 800 MHz, zikaacha masafa ya zamani ya VHF kwa ajili ya peja tu, kwa sababu kubadilisha peja za wazimamoto mia tatu ni gharama. Utakuta malori yanaongea kwenye mfumo mpya huku mwito unatoka pia kwenye 154 au 155 MHz, na kwingine hata kwenye 33 au 46 MHz. Hayo ndiyo unayotafuta. Kama kila kitu kimehama, kifaa chako ni peja inayosoma P25, kwa mfano Unication G4 au G5.

Ninahitaji taarifa gani kabla ya kugusa menyu?

Nne: masafa ya kurushia mwito, aina ya mawimbi (FM, au NFM yaani FM nyembamba), toni A na toni B.

Kama mwito unapitia ripita, mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena, chukua masafa ya kutokea, si ya kuingilia. Kuhusu FM na NFM, tangu tarehe 1 Januari 2013 watumiaji wengi wa VHF na UHF walilazimishwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kushuka kutoka upana wa 25 kHz hadi 12.5 kHz, kwa hiyo anza na NFM. Ukiweka FM utasikia, ila sauti itakuwa ndogo.

Sasa lile linalowachanganya wote. Kwenye orodha za masafa utaona tarakimu kama 131.8 PL au 107.2 PL. Hizo si toni za kuita. PL ni mlio wa chini sana unaopita chini ya sauti muda wote mtu anapoongea, kazi yake ni kuzuia redio isifunguke kwa makelele ya watu wengine, na kwa kawaida iko kati ya 67.0 na 254.1 Hz. Toni za kuita ziko juu ya hapo, unazisikia waziwazi kwa sikio, na zinakuja mwanzoni tu. Ukiona namba iko chini ya 255, usiiandike kwenye nafasi ya toni A.

Toni za kikosi changu nitazipata wapi?

Njia ya kwanza ni kwenda kuuliza. Vikosi vya kujitolea vya huku vinauza kuku wa kuchoma kuchangisha pesa. Nenda Jumamosi, nunua nusu kuku, muulize yule mzee anayegeuza nyama. Mimi nilipewa zangu zimeandikwa nyuma ya risiti, pamoja na historia ya kila lori walilowahi kuwa nalo.

Njia ya pili ni tovuti ya RadioReference, ambayo ina masafa ya karibu kila kaunti. Toni hazipo kwa kila kaunti, lakini masafa utayapata.

Ya tatu ni skana yenyewe, na ndiyo ninayoipenda. Weka masafa sahihi, kisha toni A uiandike 0 na toni B uiandike 0. Hapo haisubiri jozi yoyote. Inapima kila toni inayopita na kuonyesha namba zake kwenye kioo. Iache karibu nawe na daftari. Toni zikilia, andika namba, kisha sikiliza dispacha anataja kikosi gani. Baada ya siku chache utakuwa na daftari la nusu ya kaunti.

Namba unazosoma zinaweza kupotoka kidogo. Usiandike ulichokiona bila kufikiri, kilinganishe na toni za Motorola zinazotumika sana. Kundi la kwanza ni 330.5, 349.0, 368.5, 389.0, 410.8, 433.7, 457.9, 483.5, 510.5 na 539.0. Kundi la pili ni 569.1, 600.9, 634.5, 669.9, 707.3, 746.8, 788.5, 832.5, 879.0 na 928.1. Kundi la nne linaanzia 321.7, halafu 339.6, 358.6, 378.6, 399.8, 422.1, 445.7, 470.5, 496.8 na 524.6. Kutoka toni moja hadi inayofuata ndani ya kundi kuna tofauti ya kama asilimia tano na nusu. Kwa hiyo skana ikikuonyesha 706.1, karibu kila mara ni 707.3. Shida inakuja pale namba inapoangukia katikati ya makundi mawili, mfano 384: ni 378.6 au ni 389.0? Hapo subiri mwito wa pili na wa tatu usome tena.

Njia ya nne ni kurekodi mwito na kuufungua kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti. Chagua sehemu ya toni A peke yake, omba programu ichore spektra (mchoro wa masafa yaliyomo kwenye sauti), soma kilele kiko wapi. Fanya hivyohivyo kwa toni B. Ni kazi ya dakika tano na ni sahihi kuliko sikio la mtu yeyote.

Sawa, nina namba. Naziingizaje?

Kwenye Uniden nyingi bonyeza Menu, teremka hadi "Tone-Out For...", ingia sehemu ya kuandaa, chagua nafasi namba 1. Ipe jina fupi linaloeleweka ukiwa na usingizi. Mimi nimeandika "MTAANI". Kisha masafa, kisha NFM, kisha toni A na toni B, halafu mlio wa kukuamsha na ukubwa wake, na muda wa kusubiri. Mashine zenye taa ya rangi zinakuruhusu kuchagua rangi pia.

Kuandaa peke yake hakutoshi. Rudi kwenye menyu hiyohiyo uchague kuiweka skana kwenye hali ya kusubiri toni. Wengi huishia hatua ya kwanza, wakatoka kwenye menyu, skana ikarudi kuskani kama kawaida, nao wakaenda kulala wakijua wamemaliza.

Je, inaweza kuendelea kuskani huku inasubiri toni?

Haiwezi. Toni A inadumu sekunde moja tu. Skana inayozunguka masafa ishirini ikifika kwenye masafa ya zimamoto itakuta toni A imeshapita, itasikia B peke yake, na B bila A haimwiti mtu. Ndiyo maana katika hali hii inaganda kwenye masafa yale tu. Ukitaka kuskani na kusubiri kwa wakati mmoja, nunua skana mbili. Ya kwangu ya zamani ndiyo iliyobaki jikoni inasubiri toni.

Na kama nataka vikosi vitatu?

Hilo linawezekana, mradi vyote viwe kwenye masafa yaleyale na aina ileile ya mawimbi. BCD996P2 na dada zake zina nafasi 10 za Tone-Out, BCD436HP na SDS100 zina 32. Kila nafasi inaweza kuwa na mlio wake. Kikosi cha mtaa wangu kina mlio mkali. Cha ng'ambo ya mto, ambacho dada yangu anaishi karibu nacho, nimekipa mlio laini. Nikisikia tu najua ni upande gani bila kuinua kichwa kwenye mto.

Lori limepita mbele ya dirisha langu linapiga king'ora, na skana imekaa kimya. Nimekosea wapi?

Pole, yameshanikuta. Nilikaa wiki mbili nikijisifu kwamba mtaa wetu umetulia, mpaka jioni moja lori la kwanza likapita, la pili likapita, gari la wagonjwa likafuata, na kile kiboksi pale juu ya friji kinanitazama tu. Nilikuwa nimegeuza toni: B nimeiweka A. Kwa skana hizo ni jozi mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo anza hapo, kagua mpangilio. Kisha kagua tarakimu, kwa sababu 358.6 na 385.6 zinafanana sana ukiandika usiku. Kisha toka kwenye hali ya kusubiri, weka masafa hayo kwa mkono, na usikilize kama unawasikia kwa usafi. Kama sauti yao inakuja na mkwaruzo, tatizo ni antena, toni hazihusiki. Kama inakuja safi, shusha kidogo skwelchi, kile kitufe kinachonyamazisha mkwaruzo pasipo na mtu anayeongea. Skwelchi iliyobanwa sana inachelewa kufunguka na kukata kipande cha toni A, na tumeshaona toni A haina muda wa kupoteza.

Usisubiri moto wa kweli ili ujaribu. Kaunti nyingi hurusha mwito wa majaribio siku na saa maalumu. Yetu ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni, vikosi vyote kwa zamu, na mimi hukaa nayo mezani kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Ikishalia, nasikia toni nyingine nyingi kabla dispacha hajaongea. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Moto mkubwa unaita vikosi vinne au vitano, na toni zao zinapigwa kwa foleni. Kama chako ndicho cha kwanza, skana imefunguka na sasa unasikia wenzako wakiitwa. Ndiyo sababu ule muda wa kusubiri ni muhimu. Ukiuweka mfupi sana, skana inaweza kurudi kimya kwenye pengo kati ya toni na maneno, ukaamshwa bila kuambiwa moto uko wapi. Ukichagua isiyo na mwisho, itabaki wazi mpaka uibonyeze mwenyewe. Usiku naiweka hivyo. Mchana naiwekea sekunde chache.

Inalia kwa kikosi ambacho si changu.

Mara nyingi ni mwito wa pamoja: kaunti inapiga toni moja ndefu, kama sekunde 8, kuwaita wote, na wewe uliiandaa skana kwa mwito huo. Au uliandika namba uliyoisoma kwenye kioo bila kuisahihisha, ukajikuta kwenye jozi ya jirani.

Antena ya mpira iliyokuja nayo inatosha?

Ukiwa karibu na mnara, ndiyo. Ukiwa bondeni au kwenye chumba cha chini ya nyumba, hapana. Kwa masafa ya 154 MHz, robo ya wimbi ni kama sentimita 48, kwa hiyo waya ulionyooka wa urefu huo, na waya nyingine nne kama hizo zilizoinamishwa chini yake, unakuwa antena nzuri ya darini kwa pesa kidogo. Kwa 46 MHz unahitaji karibu mita 1.6, na mwenye nyumba ataanza kuuliza maswali. Kabla ya yote hayo, isogeze skana dirishani, mbali na kompyuta na chaja za simu. Nusu ya malalamiko ninayopata huisha hapo.

Mwanangu ni mzimamoto mpya. Anaweza kutumia skana badala ya peja?

Hapana, na hapa sitanii. Peja imetengenezwa iwe mkononi mwa mtu, ianguke, ilowane, na iwe na betri ya kuaminika. Skana ni ya mzazi aliyebaki nyumbani. Umeme ukikatika, mtu akibonyeza kitufe kimakosa, au mtoto mdogo akachomoa waya wa antena, hakuna atakayejua mpaka mwito upite. Kikosi chake kitampa peja. Mwache alale nayo.

Ninaweza kutumia kompyuta tu, bila skana?

Unaweza. Kuna programu ya bure iitwayo TwoToneDetect. Inasikiliza sauti inayoingia kwenye kompyuta, ikitambua jozi uliyoipa inarekodi mwito na kukutumia barua pepe. Sauti inaweza kutoka kwenye skana yoyote, hata ile BC125AT uliyonunua kwa makosa, mradi uiache imesimama kwenye masafa hayo peke yake. Usitegemee matangazo ya skana ya mtandaoni kwa kazi hii, maana yanachelewa. Lori litakuwa limeshafika.

Kisheria nipo salama?

Nchini Marekani, kusikiliza zimamoto nyumbani kwako, kwa mawasiliano ambayo hayajafungwa kwa siri, kunaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Ndani ya gari ni habari nyingine. Majimbo kama New York, Florida, Indiana, Kentucky na Minnesota yana sheria zinazozuia au kuwekea masharti skana garini, na baadhi yao huwaachia wenye leseni ya redio ya ridhaa (ham). Soma sheria ya jimbo lako kabla hujaifunga kwenye dashibodi, hasa wewe dereva wa lori unayevuka majimbo matatu kwa siku.

Waliopo Uingereza msiige haya. Kule sheria ya Wireless Telegraphy ya 2006, kifungu cha 48, inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu.

Na kokote ulipo, dispacha hutaja anwani na hali ya mgonjwa. Ukisikia ya jirani yako, usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp. Kuna familia hapa ilijua ya baba yao kupitia kundi kabla hospitali haijawapigia simu.

Nikienda likizo Tanga naweza kuibeba?

Ya nini? Huko moto unaripotiwa kwa kupiga 114, na vifaa vya redio viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa hiyo waulize wao kwanza kama unang'ang'ania. Kenya waulize Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi yangu naiacha juu ya friji.

Mke wangu anasema ule mlio utamuua kwa presha.

Ukubwa wa mlio wa kuamsha una kipimo chake kwenye menyu, mbali na sauti ya kawaida ya skana. Anza na kiwango cha chini kabisa, upande kimoja kimoja mpaka uamke wewe tu. Sisi tulikubaliana namba 4, na skana ihamie upande wangu wa kitanda.